Usimvue, Atajivua Mwenyewe

Mjusi mchanga aliyekuwa mchangamfu wiki iliyopita sasa amefifia rangi. Mgongo umekuwa wa kijivu, kichwa kimepauka, hataki kuguswa, na panzi aliokuwa akiwakimbilia sasa anawatazama tu wakipita. Siku mbili baadaye ngozi inaanza kubanduka shingoni vipande vipande. Mwenye mjusi anaingiwa na hofu, na hapo ndipo makosa huanza: mmoja anamchuna kwa kucha, mwingine anampaka Vaseline mwili mzima, wa tatu anapitia duka la dawa kuulizia krimu ya upele.

Mara nyingi hapo hapana ugonjwa wowote. Mjusi anakua, na ngozi ya zamani haimtoshi tena. Akiwa na joto, jua, chakula na maji ya kutosha, ataimaliza kazi hiyo bila mkono wako. Asipoimaliza, chunguza nyumba anayolala kabla ya kuishambulia ngozi yenyewe. Karibu kila tatizo la kujivua ambalo mtu hulileta kwa daktari lilianzia kwenye balbu, kwenye sahani au kwenye usiku wa baridi.

Ninayemzungumzia ni mjusi ndevu, Pogona vitticeps kwa jina la wataalamu, mwenyeji wa nchi kavu za ndani kabisa ya Australia. Jina la ndevu limetokana na miiba laini iliyo chini ya kidevu. Akikasirika huivimbisha na kuifanya nyeusi. Australia ilifunga biashara ya kuuza nje wanyama wake wa mwituni tangu miaka ya 1960, kwa hiyo wale wanaouzwa duniani leo ni uzao wa mijusi waliozaliwa mikononi mwa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Nairobi si wengi. Mtaani Makongeni, Eastlands, ambako watu wamezoea kuku, sungura na njiwa, ukimtoa nje kuota jua utakusanya umati wa watoto kabla hujakalia stuli.

Kabla ya gamba kuna karatasi. Mnyama wa kigeni haingizwi Kenya bila kibali cha idara ya serikali ya mifugo, na wanyamapori wako chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Ukiuziwa mjusi kwenye kona ya barabara bila karatasi yoyote, unanunua kesi. Waulize KWS pesa zikiwa bado mfukoni. Wala usiseme basi utamkamata yule mjusi wa ukutani, mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, kwa sababu wanafanana. Kweli ni wa ukoo mmoja, lakini huyo ni mnyamapori wa Kenya na kumfungia ndani bila kibali ni kosa. Watoto wakimwona naye anabanduka ngozi juu ya jiwe, waambie wamtazame kwa mbali. Jiwe hilo na jua lile ni matibabu yake tosha.

Sasa tuingie kwenye gamba lenyewe. Nyoka mwenye afya hulivua lote kwa mkupuo, kuanzia mdomoni hadi mkiani. Mjusi ndevu hafanyi hivyo. Hujivua kwa mafungu: leo kichwa, keshokutwa mguu wa kushoto, wiki ijayo mgongo. Mtoto wa chini ya miezi sita anaweza kurudia kila baada ya wiki mbili hadi nne, na kwa kuwa fungu moja huisha lingine likianza, utadhani hamalizi. Na ana sababu. Anatoka kwenye yai akiwa na urefu wa sentimita 10 hivi, mkia ukihesabiwa. Akifika mwaka mmoja na nusu anakaribia sentimita 45 hadi 60. Akishakomaa kasi hupungua hadi mara chache kwa mwaka.

Ngozi mpya hujengwa kwanza chini ya ile ya zamani, kisha mwili hupitisha majimaji katikati ya matabaka hayo mawili ili yaachane. Kufifia kwa rangi unakokuona ni majimaji hayo yakifanya kazi. Ndiyo sababu nasisitiza usimchune. Ukivuta kipande ambacho bado kimeshika, unang'oa pamoja nacho ngozi changa ambayo haijakomaa, na pale panapotoka damu ndipo bakteria huingia. Kipande kinachoning'inia na kupeperuka unaweza kukiondoa kwa vidole. Kikigoma hata kidogo, kiache.

Katika siku hizo usishtuke na mambo mawili matatu. Anaweza kula kidogo au kutokula kabisa kwa siku moja mbili. Atajisugua kwenye kila kitu. Wengine hula vipande vya gamba lao wenyewe, na hakuna ubaya. Na kuna lile la macho: ghafla atayatoa nje hadi uogope yatadondoka, kisha yanarudi. Hapo huvimbisha sehemu za kuzunguka jicho ili kulegeza ngozi ya kope. Usimguse kope, usimwekee matone ya macho ya binadamu.

Sehemu ya kukagua kwa makini ni vidole na ncha ya mkia. Hapa ndipo mijusi wachanga hupoteza viungo, na wanavipoteza kimyakimya. Mshike asubuhi akishapata joto, mlaze kwenye kiganja, na uwashe tochi ya simu. Anza na miguu ya nyuma. Kila mguu una vidole vitano, na cha nne cha nyuma ndicho kirefu kuliko vyote. Ndicho pia ambacho gamba hupenda kubaki, karibu na ukucha au kwenye viungo vyake vidogo. Ngozi iliyokufa utaiona imefanya pete nyembamba, nyeupe au ya kahawia, isiyong'aa. Kwa macho ya haraka utadhani ni uchafu. Pete hiyo hukauka na kubana. Gamba la pili likija, nalo hukwama juu ya la kwanza, na pete inazidi unene. Kidole kinaendelea kukua ndani yake, pete haikui. Damu inashindwa kupita. Ncha inavimba, inakuwa nyekundu iliyokolea, kisha nyeusi na ngumu, na mwisho hukatika.

Mkia nao hufa hivyo hivyo, kuanzia ncha. Yule mjusi mdogo wa usiku anayewinda mbu karibu na balbu ya jikoni akipoteza mkia huota mwingine. Mjusi ndevu haoti. Kilichokatika kimekatika. Kwa hiyo kila baada ya kujivua, pitia vidole vyote ishirini, ncha ya mkia, miiba ya ubavuni na matundu ya pua. Ni kazi ya dakika tatu.

Ukikuta pete, maji ya vuguvugu ndiyo dawa ya kwanza. Tafuta beseni dogo litakalokuwa lake peke yake. Lisiwe la kuoshea vyombo wala la kuogeshea mtoto. Weka maji ya nyuzi 32 hadi 35, na kama huna kipimajoto, tumbukiza upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako: usihisi moto wala baridi. Kina kisipite viwiko vyake akiwa amesimama. Tandika kitambaa chini asiteleze. Mwache humo dakika 10 hadi 15, nawe ukiwa hapo hapo. Usimwache uende kuitikia mlango, maana mjusi aliyechoka huweza kuzama kwenye maji ya kina cha vidole viwili. Maji yakipoa, ongeza ya moto kidogo pembeni, mbali na mwili wake.

Baada ya hapo chukua mswaki laini wa mtoto, mpya, na usugue taratibu kufuata upande magamba yanakoelekea, yaani kutoka kichwani kwenda mkiani. Kwa kidole, tumia pamba ya masikio iliyoloweshwa, uizungushe polepole juu ya pete. Ikilegea leo, vizuri. Isipolegea, rudia kesho, na kesho kutwa. Usichukue wembe, sindano, kibanio cha nyusi wala kucha zako. Ukiona kidole kimeanza kuvimba au kubadilika rangi, au siku nne tano zimepita bila mabadiliko, mpeleke kwa daktari kidole kikiwa bado hai.

Mkaushe vizuri kwa taulo kisha umrudishe kwenye joto. Muda mzuri wa kumwogesha ni asubuhi au mchana wa mapema; ukimwogesha saa mbili usiku na kumlaza amelowa kwenye chumba chenye baridi, umemtafutia maradhi ya mapafu. Asiye na shida ya gamba haogeshwi kila siku. Huyu ni mnyama wa nchi kavu, na unyevu usiokauka humletea ukungu wa ngozi. Mara moja kwa wiki inatosha, na hata hiyo ni kwa ajili ya kunywa maji kuliko kuoga, kwa kuwa wengi hawajui bakuli la maji ni la nini lakini wakiwa ndani ya beseni huinamisha kichwa na kunywa.

Mafuta ya kupikia, Vaseline na krimu za ngozi hukusanya vumbi, na mjusi anaweza kuyalamba. Dettol na sabuni ya kipande viache kwenye rafu. Mafuta ya taa, ambayo kuna watu hadi leo huyachukulia kuwa dawa ya kila kitu chenye ngozi mbovu, yatamuua.

Tuje kwenye nyumba, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mjusi hana joto lake mwenyewe. Huazima la mahali alipo. Bila joto hasagi chakula, hajengi ngozi mpya, na majimaji ya kuachanisha matabaka hayatoki ipasavyo. Mjusi mchanga huhitaji pembe moja ya kibanda chake iwe na sehemu ya kuota moto yenye nyuzi 40 hadi 42 juu ya jiwe au gogo analolalia, na pembe ya pili iwe na nyuzi 25 hivi ili akishiba joto ajiondokee. Kibanda chenye joto moja kila mahali, hata likiwa zuri, kinamnyima uamuzi huo. Usiku unaweza kushuka, lakini kwa mtoto usipite chini ya nyuzi 18 hadi 20.

Usikadirie kwa kiganja. Kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya barabara ya Luthuli utapata vipimajoto vya aina nyingi. Ila jihadhari na ile bunduki ya kupima homa iliyokuwa kwenye kila mlango wakati wa corona: nyingi zimetengenezwa kusoma joto la mwili wa binadamu tu, kati ya nyuzi 32 na 42 hivi, na ukielekeza kwenye jiwe lenye nyuzi 50 itakuandikia hitilafu au uongo. Omba ya mafundi, inayosoma kuanzia chini ya sifuri hadi mamia.

Kuhusu balbu, zile za kisasa za kuokoa umeme hazitoi joto la maana. Inayotakiwa ni ya zamani ya waya, au ya halojeni, iliyoning'inizwa juu mahali ambapo mjusi hawezi kuigusa. Haina haja ya rangi nyekundu wala ya usiku. Izime jua likizama. Akilala kwenye mwanga hapumziki.

Balbu hiyo ni ya joto tu. Kuna mwanga mwingine anaouhitaji, miale ya urujuanimno ya kundi B, ambayo ngozi yake huitumia kutengeneza vitamini D3, na bila D3 hawezi kutumia kalisi iliyo kwenye chakula. Mjusi mchanga asiyeipata huanza kutetemeka vidole, taya linakuwa laini, miguu inapinda, na huyo hata nguvu ya kujisugua gamba litoke hana. Wafugaji wa Ulaya hununua taa maalumu kwa pesa nyingi, na taa hizo hufifia: baada ya miezi sita hadi kumi na miwili zinaweza kuwa bado zinawaka vizuri machoni pako huku miale yenyewe imekwisha.

Hapa mkazi wa Makongeni amebahatika kuliko mtu wa London. Nairobi iko nyuzi 1 na kidogo tu kusini mwa ikweta na zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Jua letu la asubuhi lina miale hiyo tele, na halina bili. Nusu saa ya jua la moja kwa moja, mara tatu nne kwa wiki, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, itamfanyia mjusi wako kazi ambayo taa nyingi haziwezi. Mwenye taa nzuri asiitupe, ataihitaji Julai. Lakini anayejibana kununua taa ya bei huku uwanja wa nje una jua miezi mingi ya mwaka anajinyima bure.

Jua hilo lina masharti yake, hata hivyo. La kwanza ni kioo. Dirisha lililofungwa huzuia karibu miale yote ya kundi B. Mjusi aliyewekwa nyuma ya kioo anapata joto na mwanga na hapati kingine. La pili ni kioo tena, na hili huua: usimtoe nje akiwa ndani ya sanduku la kioo au ndoo ya plastiki inayopitisha mwanga. Joto hupanda humo kwa dakika chache hadi likampika. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, wanaokunja masanduku ya bati mchana kutwa, watakutengenezea kizimba cha fremu na wavu wa waya, matundu madogo asiyoweza kupenyeza kichwa. Weka nusu yake kivulini, kwa kipande cha gunia au kanga. Akiwa kwenye jua akafungua kinywa kidogo na kutulia, anapunguza joto, si ajabu. Akihangaika akikwangua waya, mpeleke kivulini mara moja.

La tatu ni mwewe. Wale wanaozunguka juu ya Barabara ya Jogoo wakinyemelea mabaki ya nyama wana macho makali kuliko wewe, na mjusi wa sentimita 20 juu ya jiwe ni tonge. Paka wa jirani naye hujali wavu kidogo sana. Kaa karibu.

Kisha kuna baridi. Juni hadi Agosti Nairobi hujifunika mawingu siku nzima, na usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 12. Nyumba za mawe za zamani hushika baridi hiyo. Ni msimu huu ambapo gamba hukwama zaidi, mjusi anapokaa wiki mbili amefifia bila kubanduka. Kama balbu inaweza kuwaka mchana bila kukatika, mpe joto hilo kwa muda wa saa 12 nzima. Usiku, kibanda kifunikwe blanketi pande tatu ukiacha nafasi ya hewa, kisitazamane na mlango, na kisiwekwe sakafuni. Stima zikipotea, jaza chupa maji ya moto, uifunge kwa taulo, uiweke kwenye kona aweze kuisogelea au kuikimbia. Usimpe chakula akiwa baridi, kitaoza tumboni. Na nakusihi, usiwashe jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa kwa sababu ya mjusi. Moshi ule usioonekana hauchagui kati yake, wewe na watoto.

Mchanga chini ya kibanda ni pambo la picha. Mtoto huumeza pamoja na panzi na ukamziba utumbo. Tandika magazeti au kigae. Anachohitaji zaidi ni kitu cha kujisugulia. Kipande cha jiwe la mjengo, lile lile la kijivu linaloletwa na malori kutoka machimbo ya Njiru, kina ukwaruzo unaofaa kabisa. Lioshe, ulichemshe au ulianike juani siku mbili, ulipachike lisimwangukie. Gogo kavu lisilopakwa dawa ya mchwa ni zuri pia. Na awe peke yake humo. Wawili wachanga kwenye kibanda kimoja hung'atana vidole na mikia, na wenye nao huja kulaumu gamba.

Kuhusu chakula, mtoto huhitaji wadudu zaidi ya majani, mara mbili au tatu kwa siku, wasiozidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake. Eastlands tumejaliwa mende, na mtu huona chakula cha bure kinachopita ukutani. Usithubutu. Mende wa nyumba za kupanga amepuliziwa dawa au amekula chambo cha sumu kwa jirani wa tatu, na sumu hiyo itaishia kwa mjusi. Panzi wa shambani lisilopuliziwa dawa ni sawa, kumbikumbi baada ya mvua ni kitumbua cha siku moja moja kwa sababu ana mafuta mengi. Vimulimuli marufuku, wako wenye sumu inayoua mjusi kwa mdudu mmoja.

Bora zaidi ni wadudu wa kufugwa, na Kenya si maskini kwa hilo. Nyenje wanafugwa hapa nchini kwa ajili ya chakula, na taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE, Kasarani, iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, imefanya kazi kubwa ya kueneza ufugaji wa nzi chuma, ambaye wakulima wa kuku wanamtumia badala ya omena. Buu la nzi huyo lina kalisi nyingi kwa asili yake, jambo ambalo wadudu wengi hawana. Ukimjua mfugaji wa kuku mwenye mabuu safi, yasiyolelewa kwenye mavi, muombe gramu mia. Nyenje nao walishe karoti na sukuma siku nzima kabla hawajaliwa: kilichomo tumboni mwao ndicho kinachomfikia mjusi.

Wapakaze wadudu kalisi kabla ya kuwatoa. Kwenye maduka ya agrovet omba chokaa ya mifugo, ile ya kuku wa mayai, iliyosagwa laini. Usichanganye na chokaa ya kupaka ukuta, ambayo itamchoma mdomo na koo. Wala usipewe DCP, unga mwingine wa madini ya mifugo, ukaridhika; ina fosforasi, ambayo tayari ni nyingi mwilini mwa wadudu. Asiye na agrovet karibu achemshe maganda ya mayai, ayaanike, ayasage hadi yawe unga usiokwaruza vidole.

Kwa majani, sukuma wiki iliyokatwa vipande vidogo, karoti iliyoparwa na malenge vinafaa, na vina ile rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayoitunza ngozi. Usimpe matone ya vitamini A ya dukani ukidhani utaharakisha gamba. Ikizidi, ngozi hubanduka ovyo hadi kidonda. Spinachi na mchicha viwe vya nadra kwa sababu hufunga kalisi. Avokado usimpe kabisa, hata kipande.

Yapo mambo yanayofanana na gamba lakini si gamba. Doa la njano au la kahawia lenye ukoko, linalorudi pale pale kila baada ya kujivua na kuzidi upana, huenda likawa ukungu mbaya unaowashambulia mijusi hawa hasa, na huambukiza mwingine. Huo hautibiwi kwa maji ya vuguvugu wala kwa dawa ya mashilingi ya binadamu. Malengelenge tumboni au mgongoni ni moto wa balbu iliyo karibu mno au jiwe linalopashwa kutoka chini. Vidoa vyeusi au vyekundu vinavyotembea karibu na macho na kwapani ni utitiri. Na mjusi aliyefifia zaidi ya wiki tatu, aliyekonda mkia, macho yamezama, ana shida ya ndani ambayo ngozi inaitangaza tu.

Mjusi mwenye afya pia anaweza kubeba salmonela bila kuonyesha dalili. Kwenye chumba kimoja ambamo kitanda, meko na kibanda vinatazamana, hili si jambo dogo. Nawa mikono kwa sabuni kila ukimgusa, maji ya beseni lake yamwage chooni, si kwenye sinki la vyombo, na mtoto wa chini ya miaka mitano asimshike wala asimbusu. Hata ukipenda vipi kumpiga picha akiwa mezani, meza ya ugali si yake.

Daktari wa mifugo anayewajua reptilia hapatikani kila mtaa. Anza kwa kupiga simu kabla ya kufunga safari: uliza waziwazi kama amewahi kumtibu mjusi, na hakikisha ameandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, na wahudumu wa huko wanaweza kukuelekeza kwa mwenye ujuzi huo hata kama si wao. Siku ya kwenda, mbebe kwenye boksi la katoni lenye matundu, taulo ndani, chupa ya maji ya moto iliyofungwa pembeni. Matatu ya saa moja asubuhi ni baridi kwake. Beba na kinyesi chake cha siku hiyo kwenye kikopo chenye kifuniko, kipande cha gamba kilichotoka, picha ya kibanda chote na ya balbu ikiwa na maandishi yake, na joto ulilopima jana mchana na usiku. Daktari mzuri atakuuliza habari za kibanda kabla hajamfungua mdomo mjusi. Asipouliza, mwambie mwenyewe.